Mkono Uliobonyeza Saa

Nilishasema, tena kwa sauti, tena kwenye kundi la simu linalosomwa na kila mcheza sataranji wa pwani hii: mchezo wa dakika moja si sataranji. Nilituma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Vijana wakanicheka, wakasema ujumbe wangu wa kuupinga mchezo ni mrefu kuliko mchezo wenyewe. Wacheke tu. Mtu anayesogeza kete kama anayefukuza nzi mezani hafikiri chochote. Anapapasa. Akishinda, kashinda kwa sababu mwenzake kapapasa vibaya zaidi. Hivyo ndivyo nilivyosema, na sikuwa natania.

Kwa asiyeujua mchezo huu nieleze jambo moja tu, maana bila hilo hutanielewa. Pembeni ya ubao kuna saa yenye vioo viwili na vitufe viwili. Kila mchezaji ana muda wake. Ukishacheza unabonyeza kitufe chako. Muda wako unasimama, wa mwenzako unaanza kukatika. Ukiishiwa muda umeshindwa, hata kama kwenye ubao ulikuwa unaelekea kushinda. Mimi nimekulia kwenye michezo ya saa mbili kila mtu. Hawa vijana wanajipa dakika moja. Dakika moja, jamani, kwa mchezo mzima!

Labda kazi yangu nayo imeniharibu. Nauza dawa hapa Bagamoyo mjini, mwaka wa kumi na tisa huu. Nasoma mwandiko wa daktari mara mbili, nahesabu vidonge mara mbili, namwuliza mgonjwa mara mbili kama amenielewa. Mwenye haraka namwonyesha kiti akae. Wapo wanaonuna, wapo wanaokwenda duka la jirani, na shauri yao.

Sataranji nilifundishwa na mteja. Tunamwita Mwalimu, kwa kuwa alikuwa akifundisha mambo ya injini za boti kule chuo cha uvuvi cha Mbegani mpaka akastaafu. Mtu wa bara, Mkristo, mrefu, mwenye shinikizo la damu na ubishi usio na dawa. Alikuwa akija kila mwezi kuchukua vidonge vyake, na wakati mimi nahesabu, yeye anafungua juu ya kaunta kiubao kidogo chenye kete za sumaku anacheza peke yake. Siku moja nikamwuliza kwa nini yule farasi anaruka wenzake. Basi, nikawa nimenasa.

Kwa miaka kumi na saba, kila Jumapili, yeye akishatoka kanisani na kula, mimi nilikuwa napanda bodaboda kwenda kwake. Mkewe anatupa chai ya tangawizi, sisi tunakaa mpaka jua linapoteza ukali. Mwalimu alikuwa anaweza kuutazama ubao dakika ishirini bila kugusa kitu. Nikikohoa tu, ananiangalia juu ya miwani. "Binti, tuna haraka ya wapi?" Nilimpenda kwa hilo. Sijawahi kukutana na mtu mwingine aliyenipa muda kiasi kile.

Na kulikuwa na kitu kimoja nilichokitaka. Mkoa wetu huteua timu ndogo ya kwenda kushindana na mikoa mingine. Si safari ya maana kwa mtu mwingine yeyote: unapanda basi, unalala kwenye bweni la shule, unakula wali maharage, unarudi. Mimi nilikuwa naitaka kama mtu anavyotaka maji. Mara sita nilijaribu, mara sita nikabaki. Tena nilikuwa nabaki vibaya. Nafika mchezo wa mwisho nikiwa na nafasi nzuri, halafu naganda. Naona hatua tatu, zote nzuri, zote naziogopa. Nazizungukia mpaka muda unaniishia. Mwaka huu nafasi iliyobaki kwenye timu ilikuwa moja, mimi nina miaka arobaini na mbili, na niliapa kwamba nikiikosa na hii, ubao wangu nitaugawa.

Sasa nimseme mama yangu, na Mungu anisamehe.

Mimi nilizaliwa wa mashoto. Mkono wa kushoto kwetu pwani tunaijua kazi yake, nayo ni ya chooni. Humpi mtu kitu kwa kushoto, hupokei, huli, wala humwelekezi mgeni njia. Mtoto wa mashoto ni aibu ya mama yake. Bibi mzaa baba alimwambia mama mbele ya watu: chakula atakachopika huyu atakila nani? Mama alikuwa mgeni ndani ya nyumba ile, mwali wa juzi, hana pa kusemea. Akachana kipande cha kanga, akaufunga mkono wangu wa kushoto mgongoni. Wakati wa kula nafungwa. Wakati wa kwenda chuoni kusoma Kurani nafungwa, kwa sababu huko nako maalimu alikuwa na fimbo yake. Jioni ananifungua, ananipaka mafuta ya nazi pale kanga ilipobana, halafu analia. Huko kulia kwake nakukumbuka kuliko kufungwa, na ndiko kulikokuwa kukinikasirisha. Kama linakuuma, si uache?

Ilichukua miaka minne. Nilipoingia darasa la pili nilikuwa naandika kwa kulia, nakula kwa kulia, napokea kwa kulia, na mkono wa kushoto umekaa pale pembeni kimya. Hakuna aliyelizungumza tena nyumbani. Mume niliyekuja kuolewa naye hakujua, na tukaachana hajui. Hata Mwalimu hakujua, na huyo nimekaa naye uso kwa uso miaka kumi na saba.

Mashindano ya kutafuta hiyo nafasi moja yalipangwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kwenye ukumbi ulio karibu sana na nyumbani kwetu mjini. Michezo mirefu, kama nitakavyo. Ijumaa sikulala vizuri, Jumamosi nikaamka nina baridi ya vidole. Nikafika ukumbini mapema, nikakuta gari la wapambaji limeegeshwa mlangoni, vijana wanashusha mapazia ya zambarau na viti vya kukodi.

Ukumbi ulikuwa umetolewa kwa watu wawili. Sisi wa sataranji na mama mmoja mwenye kichen pati ya binti yake, inayoanza saa tisa alasiri siku hiyohiyo, na kesho yake harusi. Mwenye ukumbi alichukua maombi yote mawili akasema ndiyo kote kote, kama kawaida yao. Tukabishana pale uani mpaka makoo yakakauka. Mwisho mwamuzi wetu, dada mmoja aliyetoka Dar, mpole wa sauti lakini hana mchezo, akatoa uamuzi: mashindano yatamalizika leo kabla ya saa tisa. Kila mchezo dakika tano kwa kila mtu. Wakilingana wawili wa juu, watamaliza kwa mchezo mmoja wa dakika moja.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia dada yule, hii si haki, watu wamejiandaa, nafasi ya mkoa haiwezi kuamuliwa kwa kupapasa. Mwalimu naye, maana naye alikuwa akishindania nafasi hiyohiyo, akatoa kalamu akaandika barua ya malalamiko papo hapo, ukurasa mzima, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Mwamuzi akaipokea kwa adabu, akaikunja, akaiweka mfukoni. "Nimeipata, Mwalimu. Mchezo wa kwanza unaanza baada ya dakika kumi."

Tukacheza. Huku tunacheza, huku vijana wako juu ya ngazi wanafunga mapazia, na mtu wa muziki anajaribu spika: moja mbili, moja mbili. Nilicheza nimekasirika, na ajabu ni kwamba nilikuwa nashinda. Sikupata muda wa kuganda. Kijana wa kwanza nilimmaliza ana dakika nzima mkononi. Yule aliyenichekea ujumbe wangu kwenye kundi nikamfunga pia, na sitaki kudanganya, roho yangu ilifurahi. Kufika saa nane na nusu watu wawili tulikuwa tumelingana kileleni. Mimi na Mwalimu.

Hapo ndipo mama alipoingia.

Hakuja kwa ajili yangu. Alikuwa mwalikwa wa kichen pati, na mama yangu kwenye sherehe hufika nusu saa kabla, apate kiti kizuri. Alikuwa amevaa dera jipya, amejitanda mtandio, ananukia udi. Wapambaji wakampa kiti cha mbele, karibu kabisa na meza yetu, kwa sababu viti vingine bado walikuwa wanavivalisha vitambaa. Hajawahi kuniona nikicheza hata siku moja. Kwake sataranji ilikuwa ni kitu kinachonitoa nyumbani Jumapili na kunirudisha nimenuna. Akaketi, akaweka mkoba mapajani, akatutazama.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba. Endelea na shughuli zako, mie nangoja zangu."

Meza zote zilikuwa zimekwishaondolewa, imebaki yetu. Tukarusha shilingi, nikapata kete nyeupe, Mwalimu nyeusi. Mwenye kete nyeusi kwa desturi yetu ndiye anayesema saa ikae upande gani. Mwalimu akaiweka kuliani kwake, kama mtu yeyote angefanya. Kuliani kwake ni kushotoni kwangu. Mchana kutwa saa ilikuwa imeangukia kuliani kwangu, ama kwa bahati au kwa sababu mwenzangu hakujali, na sikuwa nimelifikiria. Sasa nikaitazama ile saa iko pale, shubiri moja kutoka mkono wangu wa kushoto.

Kuna kanuni. Mkono unaochezea kete ndio huohuo ubonyeze saa. Kama ungeruhusiwa kutumia yote miwili, mmoja ungekaa juu ya kitufe muda wote, na huo ungekuwa wizi. Ukikosea mara ya kwanza ni onyo. Mara ya pili mchezo umeisha, umeshindwa. Mwamuzi alituambia asubuhi, na kila mtu aliitikia kwa kichwa.

"Tayari?" akauliza.

Mwalimu alikuwa anatokwa na jasho kwenye kipara. "Tuone hiyo kupapasa kwenu," akaninong'oneza, na mimi nikacheka kwa woga. Saa ikaanza.

Nilisogeza askari, nikavuka ubao mzima kwa mkono wa kulia kwenda kubonyeza kushoto, nikarudi. Farasi, nikavuka, nikarudi. Kila safari ilikuwa inakula muda. Mwalimu anacheza, mkono wake unashuka tu, tap, umefika. Nikatupa jicho kwenye kioo: yeye ana hamsini na mbili, mimi nina arobaini na saba, na hatujafanya lolote bado. Nikaongeza kasi. Nikasogeza ngome hatua moja, na kabla sijajua, kitufe kikalia.

Sikukibonyeza mimi. Ndivyo nilivyohisi, haki ya Mungu. Mkono wangu wa kulia bado ulikuwa juu ya ngome.

Mwamuzi akasimamisha saa. "Onyo. Umecheza kwa kulia, umebonyeza kwa kushoto."

"Samahani."

"Nimeelewa, lakini ukirudia mchezo umeisha. Mkono ni mmoja, dada yangu. Chagua."

Akasema kwa sauti ya kawaida tu, lakini mtu wa spika alikuwa ameshanyamaza na vijana wa mapazia walikuwa wametulia juu ya ngazi zao wanatazama, kwa hiyo ukumbi mzima ulisikia. Mama akamwuliza aliyekuwa karibu naye, "Kafanyaje?" Naye, mmoja wa wale vijana niliowafunga, akamweleza kwa heshima, shikamoo mama, ametumia mkono wa kushoto. Nikamwona mama anaacha kunitazama usoni. Akaangalia mezani, pale mkono wangu ulipokuwa umelala karibu na saa, vidole vimekunjuka, mchana kweupe.

Mwalimu alikuwa ananingoja. Saa imesimama kwenye arobaini na moja upande wangu. Nilijua hesabu yake, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Nikiendelea kwa kulia, kuvuka na kurudi, nitaishiwa muda kabla yake. Nikijaribu kukimbiza kulia, kushoto kutaamka tena na nitatolewa. Na njia ya tatu ilikuwa kuunyoosha mkono wa kushoto mbele ya uso wa mzee wa miaka sabini, mara thelathini, arobaini, mama yangu akiwa amekaa hatua nne kutoka pale na watu wa mtaa wetu wakiwa wanaanza kuingia na zawadi zao za vyombo. Wanawake waliokuwa wakiingia walimjua bibi yangu. Wengine walikuwepo siku ile aliposema yale maneno.

Nikautia mkono wa kulia chini ya paja, nikaukalia.

"Tayari," nikasema.

Sijui niseme nini kuhusu sekunde zile. Mwanzoni nilimwangusha farasi, nikamwinua. Halafu mkono ukaenda. Hakuna neno jingine, ulikwenda wenyewe. Ulikuwa unacheza na kubonyeza, unacheza na kubonyeza, nami nikiwa nyuma yake kama mtu anayekimbilia basi. Zile hatua tatu nzuri za kuziogopa sikuziona. Niliona moja tu kila mara, na nilipoiona ilikuwa imekwishachezwa. Mwalimu alishtuka. Mara ya kwanza mkono ule ulipompita karibu na pua alirudi nyuma kidogo, kama unavyorudi mtu akikunyooshea kitu kichafu. Ni mtu wa bara, lakini amekaa pwani miaka mingi. Kule kurudi nyuma kulimlia sekunde mbili.

Nikaitoa ngome yangu iliwe. Sijui kwa nini. Niliitoa bure, akaila, na ghafla mfalme wake akawa hana pa kukaa, anakimbizwa kona hadi kona. Nyuma yangu mtu akasema "Weeee!" Yeye ishirini, mimi kumi na nane. Kumi na mbili kwa kumi na moja. Nilikuwa nahema kama nimepanda ngazi. Kisha nikakosea, nikamwachia mlango, na Mwalimu akauona. Nilimwona akiuona: macho yake yalitulia, uso ukawa ule wa Jumapili, wa dakika ishirini. Alikuwa amenifunga. Hatua mbili na mfalme wangu amekwisha. Akainua malkia wake taratibu, kwa raha, kama mtu anayeonja chai kwanza.

Saa ikalia. Yake. Mimi nilikuwa nimebakiwa na sekunde mbili.

Watu wote wakapiga makofi, hadi wapambaji. Mwalimu akamshusha malkia pale alipotaka kumweka, akasogeza kidole kunionyesha. "Hapa, halafu hapa. Umeona?"

"Nimeona, Mwalimu."

"Ulikuwa umekwisha."

"Nilikuwa nimekwisha."

Akairudisha ubaoni ile ngome niliyoitoa, akaiweka palepale ilipoliwa. "Na hii? Uliitoa makusudi?"

"Sijui."

"Miaka kumi na saba, binti, sijakuona ukicheza hatua kama hii. Ungepewa saa mbili usingethubutu." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Nenda kwenye kundi ukafute ule ujumbe wako. Mimi barua yangu nitamwomba huyu dada anirudishie." Akanipa mkono. Mimi nikampa wa kushoto, nikashtuka, nikauvuta, nikautoa wa kulia chini ya paja, umekufa ganzi. Tukacheka wote wawili, lakini yeye macho yake yalikuwa mekundu. Nafasi ile alikuwa anaitaka na yeye.

Basi nilikuwa nimeipata. Jina langu likaandikwa, na hilo ndilo lililonitoa machozi.

Nilipogeuka, kiti cha mama kilikuwa kitupu. Nikamkuta nyuma ya ukumbi, kwenye kivuli cha tangi la maji, amesimama na mkoba wake. Ndani muziki ulikuwa umeanza na wanawake wanapiga vigelegele. Nilidhani atanisema. Nilikuwa nimejiandaa, tena nilikuwa na hasira za kutosha, za leo na za zamani, nimezileta zote.

"Kumbe mkono huo bado upo," akasema.

"Upo."

"Mie nilidhani nimeshauua."

Akaunyanyua ule mkono, akaugeuza, akatazama kiganja, akatazama kifundo. Hakuwa ananitazama mimi.

"Wamesema humo ndani kwamba umecheza vizuri sana ulipoutumia huu. Hata yule mzee kasema."

"Ndiyo."

"Mwanangu, nikuulize. Miaka yote hii unakwenda kushindana unarudi umefungwa. Unajifungia chumbani, huli. Ilikuwa ni kwa sababu yangu?"

Ukweli naujua, na niliujua palepale. Katika mchezo wa saa mbili mkono hauna maana yoyote. Unaweza kusogeza kete kwa kulia, kwa kushoto, ukavuka ubao ukaenda kubonyeza, ukarudi, ukanywa na maji. Mara zote sita nilizobaki, nilibaki kwa woga wangu mwenyewe. Hakuna hata mchezo mmoja niliopoteza kwa sababu ya kile kipande cha kanga. Mkono ulikuwa na maana mara moja tu, siku hiyo, kwa dakika moja.

Nilikuwa na muda. Hakukuwa na saa pale nyuma ya tangi. Ningeweza kukaa kimya dakika ishirini na angeningoja, yule ni mama yangu. Lakini mwili ulikuwa bado unakwenda mbio, na nikaiona hatua moja tu.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa anajua. Akauachia mkono wangu. "Basi nisamehe, mwanangu," akasema, mama yangu wa miaka sabini na moja, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake. Hakurudi kwenye kichen pati. Alitembea kwenda nyumbani na dera lake jipya, mimi nikiwa nyuma yake.

Watu wakiniuliza sasa kama ule mchezo wa haraka ni sataranji, nababaika. Ujumbe wangu nimeufuta. Nimesafiri na timu, nimekula wali maharage wa bwenini, nimeshinda michezo miwili nikapoteza mitatu, na nilipofurahi nilifurahi kweli. Lakini ile "ndiyo" sijaifuta. Nimejaribu. Nakaa na maneno mdomoni, najiambia leo nitamwambia mama, hapana, haikuwa wewe. Halafu nakumbuka kwamba msamaha ule niliungoja tangu nina miaka mitano, na kwamba nikimwambia ukweli itabidi niurudishe. Basi nanyamaza, siku inapita.

Na mama, mama anayeswali swala tano na ambaye dini yake imemwambia wazi ni mkono upi wa kulia chakula, ameanza kuniwekea kijiko upande wa kushoto wa sahani. Hakusema kitu, alianza tu. Ningeweza kukichukua kwa kulia, mkono wangu wa kula ni huo, umeshazoea. Nakichukua kwa kushoto. Mkono huo haujui kula. Juzi mchuzi ulinimwagikia kifuani na mezani, nikabaki nimekishika kijiko kama mtoto. Mama akainuka, akaleta kitambaa, akafuta meza, akanifuta na mimi.

"Taratibu," akasema. "Utauzoea tu. Kosa ni langu."

Nikasema, "Ndiyo, mama," nikachota tena.